Umeapgredi kompyuta na sasa waifai, sauti ama printa imekataa? Fuata hivi kabla hujanunua chochote

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ile Microsoft waliacha kutoa apdeti za kawaida za Windows 10, meza yangu ya ufundi hapa Kondele, Kisumu, haijapumzika. Mtu anaingia na laptopu kwapani, hata hajakaa anaanza, "Fundi, mimi sijaiangusha, sijaimwagia maji, niliapgredi tu jana usiku na leo asubuhi waifai haipo." Ingine haina sauti, ingine maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango la kanisa, ingine ni printa ya saiba imenyamaza na watu wamepanga foleni hadi nje. Na wengi wanafika kwangu wakiwa washaambiwa mahali pengine kwamba madabodi imeungua, walete pesa.

Nisikilize vizuri hapa kwa sababu hii ndio itakuokolea pesa. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi saa tatu usiku, ukaapgredi, na saa moja asubuhi hakifanyi, mara nyingi sana hicho kitu hakijafa, kimekosa dreva. Dreva sio wa matatu, ni ile programu ndogo inayokaa katikati ya Windows na kifaa. Nikieleza wateja huwa nasema ni kama mkalimani wa kortini: hakimu yuko na Kiingereza chake, mzee kutoka Nyakach yuko na Dholuo yake, mkalimani asipofika siku hiyo kesi haiendi, na si kwamba hakimu amekuwa bubu ama mzee amekuwa kiziwi. Apgredi inaweza kufukuza mkalimani wa zamani na kuleta mwingine ambaye hajui hiyo lugha vizuri. Basi kazi yetu ni kujua kwanza kama ni mkalimani amekosekana ama ni mzee mwenyewe ameugua, na hiyo unaweza kujua ukiwa nyumbani kwako bila kushika bisibisi.

Kabla hujagusa chochote

Kopi faili zako kwenye flashi ama hadi diski ya nje. Usiseme utafanya baadaye.

Pili, tafuta namba ya BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 diski yake imefungwa kwa siri bila mwenyewe kujua, na ukienda kubadilisha kitu kwenye BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows, inaamka ikikuuliza namba ya tarakimu 48, na usipokuwa nayo faili zako hazifunguki hata ulie. Tumia simu, ingia aka.ms/myrecoverykey na akaunti ile ya Microsoft uliyofungulia laptopu, uandike hiyo namba kwenye karatasi. Nimeona mwanafunzi akipoteza kazi ya miaka 2 kwa sababu ya hii kitu moja, na alikuwa anataka tu kurudisha sauti, kwa hivyo naomba usiruke hii hatua.

Tatu, hesabu siku. Ukiapgredi kutoka Windows 10 kwenda 11 uko na siku 10 za kurudi nyuma, unaingia Settings, System, Recovery, halafu Go back. Ndani ya hizo siku 10 usifute ile folda inaitwa Windows.old hata kama diski imejaa, ukiifuta mlango umefunga. Kama kazi yako ni ya haraka, mitihani inaanza Jumatatu, hakuna aibu kurudi nyuma kwanza ufanye kazi halafu ujaribu tena ukiwa umetulia.

Na ujue laptopu yako iko kizazi gani. Orodha ya Microsoft ya Windows 11 inaanza Intel kizazi cha 8 na Ryzen za 2000, pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Angalia stika ama ingia Settings, System, About. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Hizi ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, nyingi tunauziana hapa ni za 6 na 7, zinawekwa Windows 11 kwa njia ya kuruka masharti, na zinatembea, lakini waliozitengeneza mara nyingi hawakuandika madreva ya Windows 11 kwa hizo modeli. Usiogope sana. Dreva ya Windows 10 ya biti 64 mara nyingi inakubali kwa 11, nitarudi hapo.

Restati ya ukweli

Kuna kitu Windows inaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, kompyuta hailali kabisa, inahifadhi kichwa chake kwenye diski na ukiwasha inarudi na kile kile kichwa, na dreva iliyokwama inarudi ikiwa imekwama vile vile. Ndio maana mtu anakwambia amezima na kuwasha mara kumi. Bonyeza Restart, sio Shut down. Mara 2. Apdeti zingine humalizia kujipanga kwa hiyo restati ya pili.

Ikikataa, toa chaja, toa kila kitu kimechomekwa USB, kama betri inatoka itoe, halafu finya kibonye cha kuwasha kwa sekunde 30. Rudisha na uwashe. Hii inaondoa chaji iliyobaki ndani na kadi ya waifai ama kamera iliyokwama inaamka upya. Ukiwa hapo angalia pia kile kibonye cha kibodi chenye picha ya ndege ama mnara, maana mtoto akikifinya waifai inazima na hapo hutapata dreva ya kulaumu.

Je, ni kifaa ama ni dreva? Hapa usikimbie

Mwaka huu mwalimu mmoja alikuja kutoka upande wa Maseno, laptopu ya ex-UK, i5 ya kizazi cha 6, waifai ilipotea asubuhi baada ya apdeti. Alikuwa ameambiwa na fundi mwingine kwamba madabodi imeungua upande wa waifai. Akaiweka mezani akasema, "Fundi, niambie ukweli tu. Hii niitupe?"

"Keti kwanza mwalimu," nikamwambia, "hebu tuiulize yenyewe."

Nikachomeka flashi yangu ya Linux Mint. Hii ni mfumo mwingine kabisa unaowaka kutoka kwa flashi bila kugusa diski yako wala Windows yako. Baada ya dakika kama 3 desktopu ikatokea, nikabonyeza ile alama ya mtandao pale chini kulia, na majina ya waifai yakaanza kushuka moja baada ya lingine, ya hoteli ya jirani, ya duka la dawa, ya simu yake mwenyewe ambayo alikuwa amewasha hotspoti bila kujua. Mwalimu aliinama karibu na skrini akasoma jina la simu yake kwa sauti, halafu akanyamaza. Kadi iliyoungua haiwezi kusoma jina la simu yako. Kuanzia hapo tulijua tunatafuta dreva na pesa yake ibaki mfukoni.

Basi wewe pia fanya hivyo. Unahitaji flashi ya GB 8, programu ya Rufus ya kuandika mfumo kwenye flashi, na faili ya Linux Mint ama Ubuntu ambayo ni kama GB 3 hadi 6 hivi, idaunlodi mahali kuna waifai ya bure ama usiku kama bando lako ni la usiku. Rufus itafuta kila kitu kwa hiyo flashi kwa hivyo toa picha zako kwanza. Ukiwasha, HP unafinya Esc halafu F9, Dell F12, ThinkPad F12. Ikifungua chagua kujaribu bila kuinstoli, usibonyeze Install hata kidogo. Secure Boot, ile kinga ya BIOS inayokagua mfumo kabla haujawaka, usiizime, Mint na Ubuntu zinawaka nayo ikiwa imewashwa, na ukiigusa ndio BitLocker itakuuliza ile namba.

Sasa jaribu kile kitu kilichokataa. Kikifanya kazi kwa Linux, kifaa ni kizima, shida iko kwa Windows. Kisipofanya, bado usikate tamaa, kwa sababu kuna kadi chache za waifai, hasa za Broadcom za zamani, ambazo Linux yenyewe haina dreva yake hapo mwanzo. Fungua Terminal uandike lspci, itaorodhesha vifaa vilivyoungwa kwa madabodi kwa njia ya PCI, kama kadi ya waifai na ya picha. Jina la kadi likiwa hapo, kadi iko hai. Jina likikosa kabisa, na kwa BIOS pia haionekani, basi hapo ndio tunaanza kufikiria bisibisi: kadi imelegea, waya umetoka, ama kweli imekufa.

Soma namba, Windows inakuandikia ugonjwa

Rudi kwa Windows. Bonyeza kulia kwa alama ya Start, chagua Device Manager. Kitu chenye shida kina alama ya njano. Kama hakionekani kabisa, bonyeza View halafu Show hidden devices. Bonyeza mara mbili hicho kitu, soma ile sentensi iko kwa kisanduku cha Device status, na uitilie maanani ile namba ya Code.

Code 28 ni rahisi kuliko zote, dreva haipo kabisa, leta dreva na umemaliza. Code 22 kifaa kimezimwa, bonyeza kulia, Enable device. Code 10 inasema kifaa kimeshindwa kuanza, na baada ya apgredi hii karibu kila mara huwa dreva isiyoelewana na kifaa, na ndio mwalimu wetu alikuwa nayo. Code 52 Windows haiamini sahihi ya hiyo dreva, tafuta mpya zaidi. Code 45 kifaa hakijachomekwa, kwa hivyo fuata waya.

Code 43 ndio inataka moyo. Maana yake kifaa chenyewe kiliripoti shida na Windows ikakizima. Inaweza kuwa dreva, inaweza kuwa kifaa kweli. Kama ni kitu cha USB, kitoe, restati, kichomeke kwa shimo lingine, tena kwa kompyuta nyingine kabisa. Ikileta 43 huko pia, hicho kitu kina ugonjwa wake. Kama ni kadi ya picha, ondoa dreva yote na uweke upya kabla hujasema imekufa.

Kuna mahali pengine ambapo watu wengi hawapajui na mimi napapenda sana. Finya Windows na R, andika perfmon /rel. Inakuja kalenda ya siku zako zote na alama nyekundu pale kitu kilianguka, na chini yake apdeti gani iliingia siku hiyo. Unaona wazi, Jumanne dreva ya sauti iliingia, Jumatano sauti ikapotea. Hiyo ni ushahidi, huhitaji kubahatisha.

Kurudisha dreva ya zamani

Ukiwa bado kwa Device Manager, kwenye hicho kifaa, nenda tabu ya Driver ubonyeze Roll Back Driver. Hiyo inarudisha ile iliyokuwa kabla ya apdeti na restati moja inatosha. Lakini mara nyingi baada ya apgredi kubwa hicho kibonye kinakuwa cha kijivu, hakibonyezeki, maana yake Windows haikuweka ya zamani. Ya mwalimu ilikuwa kijivu.

Hapo unabonyeza Uninstall device, na inakuja dirisha dogo lenye kisanduku cha kutia tiki cha kuondoa dreva yenyewe. Tia tiki. Usipotia, ukirestati Windows inachukua ile ile mbovu kutoka stoo yake na kukurudishia, na utazunguka hivyo mpaka jioni.

Kuleta dreva sahihi, hata kama huna waifai

Swali la kwanza watu huniuliza: nitadaunlodi aje dreva ya waifai na waifai ndio haipo? Chukua simu ya Android, ichomeke kwa laptopu na waya wa USB, ule unaopitisha data na sio wa kuchaji pekee, ingia kwa settings za hotspoti uwashe USB tethering. Windows itaona simu kama kebo ya mtandao na intaneti inaingia, hakuna dreva ya ziada unahitaji.

Ila hapo hapo bando litaliwa. Windows ikisikia intaneti inaanza kuvuta apdeti zake zote. Haraka ingia Settings, Network & internet, Ethernet, uwashe Metered connection. Na ukishawasha hiyo, ujue Windows haitakuletea madreva yenyewe mpaka ukubali kwa Bluetooth & devices, Devices, kuna swichi ya kuruhusu madreva kwa laini ya kulipia. Mimi siwashi hiyo, naingia mwenyewe kwa tovuti ya mtengenezaji na kuchukua ile moja ninayotaka.

Tovuti ni ya HP kama ni HP, ya Dell kama ni Dell, ya Lenovo kama ni Lenovo. Utaulizwa namba ya siriali, iko chini ya laptopu, na kama stika imefutika fungua PowerShell uandike Get-CimInstance Win32_BIOS. Chagua Windows 11, ikisema hakuna kitu, badilisha uchague Windows 10 ya biti 64. Kama vitu vingi vimekataa kwa pamoja, anza na ya chipseti, zile chipu za madabodi zinazounganisha vifaa, kwa sababu ndio inafungua njia kwa zingine, urestati, halafu picha, halafu waifai na sauti. Mtu akianza na sauti wakati chipseti haijakaa atainstoli mara tatu bila faida.

Kuna wakati kifaa kinaitwa tu Unknown device na hujui hata ni nini. Bonyeza mara mbili, tabu ya Details, kwa ile menyu chagua Hardware Ids. Utaona maandishi kama PCI\VEN_8086&DEV_24F3. VEN ni kampuni, DEV ni modeli. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Hiyo ya mfano, 24F3, ni kadi ya waifai ya Intel 8260. Ukishajua jina huwezi kupotea.

Na tafadhali, zile programu zinazotokea kwa matangazo zikisema kompyuta yako ina madreva 37 yamezeeka, bonyeza hapa, achana nazo. Nyingi zinataka ulipe, zingine zinaingiza takataka, na zingine zinaweka dreva ya modeli nyingine kabisa. Mahali pa salama baada ya tovuti ya mtengenezaji ni Windows Update yenyewe, Advanced options, Optional updates, hapo chini kuna Driver updates. Nenda hapo tu kama kitu kimekataa, kama kila kitu kinafanya usiguse.

Mwalimu tulimwekea dreva ya waifai ya Windows 10 kutoka kwa tovuti ya mtengenezaji, tukarestati, alama ya njano ikaondoka. Chai ilikuwa bado moto.

Sauti na skrini

Sauti haina mambo mengi. Bonyeza alama ya spika uangalie inatoa wapi, kwa sababu baada ya apgredi huwa inapenda kupeleka sauti kwa HDMI ama kwa spika za Bluetooth ambazo hata hazipo. Kama ni sahihi na bado kimya, Device Manager, Sound, Update driver, Browse my computer, Let me pick from a list, halafu chagua High Definition Audio Device. Hiyo ni dreva ya kawaida ya Microsoft, haina mbwembwe lakini inaongea.

Skrini ikiwa nyeusi lakini unasikia kompyuta inatembea, finya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Dreva ya picha inaanzishwa upya, utasikia mlio mdogo. Kama maandishi ni makubwa na mwangaza hauongezeki wala kupungua, angalia Display adapters kwa Device Manager, ikiandika Microsoft Basic Display Adapter basi dreva ya picha haipo, ilete. Ikikataa kukaa, ingia Safe Mode (ile hali Windows inawaka na vitu vya lazima tu) utumie programu inaitwa Display Driver Uninstaller isafishe mabaki yote, halafu uweke upya.

Printa za saiba

Hapa wenye saiba ndio wanaumia zaidi, hasa mwezi wa Juni watu wakikimbizana na ritani za ushuru za KRA kabla ya tarehe 30. Dada mmoja wa Ahero alinipigia, foleni iko mlangoni na printa haitoi hata karatasi moja. Nikamwambia, "Dada, kwanza toa waya wa USB kabisa, halafu uiambie printa yenyewe ichape karatasi ya majaribio kwa vibonye vyake." Ikatoka safi kabisa. Basi wino sawa, kichwa sawa, tunabaki na kompyuta.

Kitu cha kwanza ni foleni iliyokwama. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika net stop spooler, halafu ingia folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS ufute kilicho ndani, sio folda yenyewe, urudi uandike net start spooler. Kitu cha pili ni shimo. Ukichomeka printa shimo lingine la USB Windows inaweza kuiona kama printa mpya, inaandika jina lile lile na Copy 1 mbele, na wewe unatuma kazi kwa ile ya zamani ambayo haina mtu nyumbani. Ingia Printer properties, tabu ya Ports, uangalie tiki iko USB001 ama USB002, uipeleke kwa ile iliyo hai. Ya yule dada ilikuwa hiyo.

Cha tatu ni printa inayotumiwa na kompyuta kadhaa kwa mtandao. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 haikubali tena kuingia kwa kompyuta ya jirani kama mgeni bila nywila. Zamani tulikuwa tunafungua tu. Sasa tengeneza akaunti yenye nywila kwa ile kompyuta iliyoshika printa, na kwa hizi zingine ingia Credential Manager uandike hilo jina na nywila mara moja. Usihangaike kuzima ulinzi wote, saiba inapitisha vitambulisho na PIN za watu.

Ikikataa kuwaka kabisa

Iwashe, ikianza tu kuzunguka izime kwa kufinya kibonye, mara 3. Itafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Ingia Troubleshoot, Advanced options, kuna Uninstall Updates, anza na hiyo. Isiposaidia, Startup Settings, Safe Mode, na huko ndani utoe ile dreva ya mwisho kuingia.

Ikiandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na ni desktopu, na saa yake inaonyesha mwaka wa zamani, mimi naangalia betri ya BIOS kwanza. Ni ile ya duara, CR2032, volti 3. Ikiisha na stima ikipotea, BIOS inasahau kila kitu, na hali ya diski inaweza kuruka kutoka AHCI kwenda RAID, ambazo ni njia mbili tofauti za kompyuta kuongea na diski, Windows ikiamka haioni diski yake. Weka betri mpya, rudisha AHCI kama ndio ilikuwa, rekebisha tarehe. Huku kwetu stima inapotea na mvua ya mchana kila mara kwa hivyo hii naiona sana, na watu huwa wamelaumu apgredi bure. Kwa sababu hiyo hiyo usiapdeti BIOS saa tisa mchana wingu likiwa limesimama juu ya ziwa. Fanya asubuhi, betri ya laptopu ikiwa imejaa na chaja imechomekwa.

Kama apgredi yako ilikuwa ya RAM na sasa inalia mlio tu bila picha, toa hiyo RAM, sugua zile pini za dhahabu polepole na rabba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka isikike ikibana pande zote mbili. Hakikisha aina ni ile ile: DDR4 haiingii shimo la DDR3 hata ulazimishe, lakini DDR3 ya volti 1.5 inaingia vizuri kabisa kwenye laptopu inayotaka DDR3L ya 1.35 na ndio kompyuta inagoma. Soma stika kabla hujalipa pale dukani.

Wale wa Ubuntu, apdeti ikivuruga waifai ama skrini, washa upya, kwa menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Ubuntu haijawaka, chagua Advanced options halafu kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani. Ikifanya kazi huko, endelea kutumia hiyo wiki chache wakati wanarekebisha.

Ukishapona, fanya hii jioni hiyo hiyo

Kila kitu kikiwa kinafanya kazi, chomeka flashi, tengeneza folda inaitwa madreva, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

pnputil /export-driver * D:\madreva

D ni herufi ya flashi yako, yako inaweza kuwa E ama F. Itakopi madreva yote yaliyoongezwa kwa hiyo mashini. Siku apgredi ingine ikiyafukuza, ama umefomati, unarudisha bila intaneti hata kidogo:

pnputil /add-driver D:\madreva\*.inf /subdirs /install

Mwalimu alinunua flashi hapo hapo kwa jirani tukamfanyia, nikaandika modeli ya laptopu na tarehe kwa plasta nikabandika juu, na ile namba ya tarakimu 48 ya BitLocker akaiandika kwenye daftari lake la maandalio ya somo, ambalo alisema halijawahi kupotea tangu aanze kufundisha.